Kiharusi kikichukua lugha: mpime mgonjwa kwa lugha zake zote

Mzee wa Monduli aliyepata kiharusi anaoneshwa kikombe chenye maziwa. "Kuna nini humu, babu?" Anajibu, "Kule." Muuguzi anageuka kutazama upande wa dirisha, haoni kitu, anaandika kwenye faili kwamba mgonjwa amechanganyikiwa. Kumbe kwa Kimaasai, kule ni maziwa. Mzee alijibu sawasawa, na faili limeshamhukumu.

Mwongozo huu ni wa ndugu wanaouguza, wauguzi wa wodini na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Moshi na Arusha. Katika nyumba nyingi za huku babu anasali kwa Kichagga, anahesabu pesa kwa Kiswahili na anasikiliza wajukuu wakichanganya Kiingereza. Kiharusi kikigusa sehemu ya ubongo inayoshughulikia lugha, kwa watu wengi upande wa kushoto, kinachopotea huitwa afasia. Takriban mtu mmoja kati ya watatu wanaopata kiharusi hupata afasia. Akili yake ipo. Anawajua wanawe, anajua mipaka ya shamba lake na anajua nani anamdai. Maneno ndiyo hayaji, au yanakuja mengine, au ya wenzake hayaingii vizuri.

Kwanza, saa

Mdomo ukienda upande, mkono ukishindwa kuinuka, maneno yakivurugika ghafla, usisubiri asubuhi wala usimpeleke kwanza kukandwa. Andika kwenye kiganja saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho, kwa sababu ndilo swali la kwanza la daktari. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, pale ilipo, na baada ya kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyovuja kichwani. Kwa hiyo usimpe aspirini nyumbani, maana aina ya kiharusi bado haijulikani. Usimpe uji wala maji mpaka umezaji wake uangaliwe, kwani mgonjwa aliyelala chali akinyweshwa uji unaweza kuingia kwenye mapafu. Ukiweza kuchagua, mpeleke moja kwa moja kwenye hospitali kubwa yenye CT kuliko kupita vituo vitatu njiani.

Afasia, ulimi mzito, au kuchanganyikiwa?

Watu husema "ulimi umeshikwa" kwa mambo matatu tofauti, na tiba zake ni tofauti.

Mwenye ulimi mzito, yaani disathria, anachagua maneno sahihi ila yanatoka kama yamelowa. Akiwa anajua kuandika, anaandika vizuri, na ukimwambia jambo analielewa lote. Aliyechanganyikiwa kwa homa, sukari kushuka au maambukizi hubadilika kutwa: saa hizi yuko macho, baadaye anasinzia, hajui yuko wapi. Mwenye afasia yuko macho na anajua yuko wapi, lakini anatafuta neno kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Anasema "kile... kile cha... cha kunywea". Wengine huongea kwa wepesi, maneno mengi yasiyoshikana, na hawa ndio wanaosingiziwa wazimu mara nyingi zaidi.

Hapa kuna mtego wa Kiswahili chenyewe. Unaingia wodini unasema, "Shikamoo babu," naye anaitikia, "Marahaba," bila kukwama. Unaandika "anaongea vizuri". Marahaba, pole, asante, hesabu ya moja hadi kumi, Baba Yetu na siku za wiki ni maneno yaliyokaririwa kwa miaka mingi, na mara nyingi hubaki hata afasia ikiwa kali. Yakisikika, furahi, lakini usiyatumie kama kipimo. Kuna mgonjwa anayeitikia salamu zote za asubuhi na hawezi kuomba maji.

Karatasi ya lugha, kabla ya kipimo

Kaa na mtu aliyeishi na mgonjwa, mke, mume au mtoto anayekaa naye, si mtoto aliyetoka Dar jana kwa basi. Andika lugha zote alizokuwa anazungumza na kila moja tangu lini. Usiandike "Kichagga" tu. Kimachame, Kivunjo na Kirombo havifanani kiasi hicho, na mkalimani wa Rombo anaweza kumpotosha mgonjwa wa Machame. Mameru wa Arusha wana lugha yao iliyo karibu na Kimachame, ilhali Waarusha, majirani zao wa Mlima Meru uleule, wanazungumza Kimaasai. Jina la wilaya kwenye faili halitoshi kukuonesha lugha.

Kisha uliza yale yanayofichua lugha inayoishi ndani yake: anasali kwa lugha gani, anahesabu pesa kwa lugha gani, akikasirika anafoka kwa lugha gani, na mwezi kabla ya kuugua alikuwa anaongea ipi kutwa nzima. Ongeza darasa aliloishia, lugha anayosoma, mkono anaotumia, na kama anavaa miwani au masikio yalishakuwa mazito. Aliyeishia darasa la pili asipoandika leo, kiharusi hakijamnyang'anya kuandika.

Swali linalosahaulika kuliko yote: kabla ya kuugua, Kiswahili chake kilikuwaje? Mama aliyekuwa akisema "mtoto yangu" na "vitu yangu" maisha yake yote hajapata kosa jipya akisema hivyo leo. Ngeli hizo zilikuwa zake. Kinachotafutwa ni badiliko.

Kipimo cha vitu kumi

Chukua vitu kumi vya nyumbani, vitu vyenyewe, si picha: kikombe, kijiko, ufunguo, ndizi, sabuni, simu, kiberiti, noti ya elfu moja, kanga, kitana. Vitu hivi mtu mzima wa huku anavijua vizuri. Kama ni mfugaji, badilisha viwili kwa fimbo na kibuyu cha maziwa. Mtu mzima asiye na afasia na mwenye macho mazuri hatakiwi kukosa hata kimoja katika lugha yake.

Mkalishe, mvalishe miwani, zima redio na televisheni, na watu wasiozidi wawili wabaki chumbani. Mkwe asiwe miongoni mwao. Mzee hataki kushindwa mbele ya mkwe, atanyamaza tu. Anza na lugha ya kwanza ya mgonjwa, na lugha ya pili ifuate kesho yake. Ukipima zote kwa mkupuo mmoja, ya pili itaonekana nzuri kwa sababu vitu ameshavizoea, au mbaya kwa sababu amechoka. Dakika ishirini zinatosha.

Inua kitu kimoja, uliza "Hiki ni nini?", kisha nyamaza uhesabu moyoni hadi ishirini. Kimya hicho ni kigumu kwa ndugu kuliko kwa mgonjwa, na wengi hukivunja kwenye tano. Andika neno lilelile alilotamka, hata kama halina maana. Neno sahihi kwa lugha yoyote yake ni sahihi: bibi wa Vunjo akiona maji akasema "mringa", ni alama kamili, ongeza tu lugha pembeni. Akisema "uma" kwa kijiko, andika neno jirani. Akisema "kitijo", andika sauti zimeruka. Akieleza, "cha kukorogea", andika hivyo. Kila kosa linamwambia mtaalamu ni mlango gani umekwama, ndiyo maana "hawezi" peke yake ni taarifa duni.

Halafu kuelewa. Maagizo matatu mafupi: funga macho, gusa pua, chukua kijiko uweke ndani ya kikombe. Usitazame kijiko wala kunyoosha mkono unapoagiza, maana atafuata macho yako na utadhani ameelewa maneno. Baada ya hapo maswali kumi ya ndiyo na hapana, matano ya ndiyo na matano ya hapana, yakiwa yamechanganywa: "Wewe ni mwanamke?" "Tuko Moshi?" "Jiwe linaliwa?" Anayebahatisha hupata karibu matano, kwa hiyo tano au sita si kuelewa. Tisa au kumi ndiyo kuelewa.

Maswali yasiwe na ukanushi hata kidogo. Ukiuliza "Hujala?" na mgonjwa akajibu "Ndiyo", kwa wengi wetu maana yake ni kweli, sijala, kwa wengine ni ndiyo, nimekula. Hutajua ipi. Uliza "Umekula?" Kama kichwa kinatikisika kwenda upande mmoja na mdomo unasema kingine, weka kadi mbili mbele yake, moja ya alama ya vema na nyingine ya mkasi (X), agonge kwa kidole.

Mwisho, mwambie arudie mambo matatu, fupi kwenda refu: maji, kitunguu, "leo asubuhi nimekunywa chai". Na umwache aeleze kwa dakika moja jinsi ya kupika anachokijua, mtori, loshoro, au chai tu. Kwa ruhusa yake rekodi dakika hiyo kwa simu, uhifadhi na tarehe. Hakuna karatasi itakayomsaidia daktari wa wiki ijayo kuliko video hiyo.

Mkalimani apewe masharti kabla ya kuanza: atafsiri swali tu, asilifafanue, asiongeze ishara, asirekebishe jibu, na aseme neno halisi la mgonjwa kabla ya kulitafsiri. Binti mwenye huruma ndiye anayeharibu kipimo, kwa sababu anasikia nusu ya neno na kulimalizia kwa mapenzi.

Tofauti za rangi na kabila zinatoka wapi

Huko Marekani, ambako jambo hili limepimwa kwa miaka mingi, watu weusi hupata kiharusi cha kwanza kwa karibu mara mbili ya weupe, tena wakiwa na umri mdogo zaidi. Baadhi ya tafiti za huko zimekuta wenye afasia weusi wakipata alama za chini kuliko weupe kwenye vipimo vya lugha. Rahisi kusema ni damu waliyozaliwa nayo. Lakini angalia kipimo chenyewe. Kile cha Boston cha kutaja picha kina picha sitini, na ndani yake mna nyumba ya barafu ya igloo, mboga ya asparagus, mnyama beaver. Kwa muda mrefu kilikuwa na picha ya kitanzi cha kunyongea pia, kikioneshwa kwa wazee weusi wa nchi ambayo watu weusi walinyongwa hadharani. Aliyekunja uso akanyamaza mbele ya picha hiyo aliweza kukosa alama. Na anayezungumza Kiingereza cha Wamarekani weusi anaweza kuhesabiwa kosa kwa sarufi aliyozaliwa nayo, kama mama yetu na "vitu yangu". Juu ya hayo kuna presha isiyotibiwa, kufika hospitali kwa kuchelewa, bima, na mazoezi machache baada ya kutoka wodini.

Kwetu kuna ushahidi mzuri kwamba rangi haitoshi kueleza. Mradi uliohesabu viharusi Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006 ulilinganisha Wilaya ya Hai, hapa katikati ya Moshi na Arusha, na Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilipata viharusi 108.6 kwa watu 100,000 kwa mwaka; Dar 315.9. Karibu mara tatu, ndani ya nchi moja. Rangi haikubadilika njiani Segera. Kinachobadilika ni maisha, presha na tiba yake. Hivyo ukiona wagonjwa wa Kimaasai wodini kwako wanaandikwa "hali mbaya ya lugha" kuliko wengine, kabla ya kuhitimisha hesabu mambo matatu: walifika baada ya saa ngapi, walipimwa kwa lugha gani, na nani alitafsiri. Kwa hiyo vilevile usitafsiri kipimo cha kigeni neno kwa neno ukadhani umekifanya cha hapa. Ukiondoa igloo ukaweka msonge bado hujui ugumu wa neno ni uleule.

Kumwambia daktari

Usiseme "hasemi". Soma karatasi yako: "Baba, miaka 68, hutumia mkono wa kulia, darasa la nne. Kimaasai tangu kuzaliwa, Kiswahili tangu shule. Siku ya sita tangu augue. Kimaasai, vitu saba kati ya kumi, ndiyo na hapana tisa. Kiswahili, vitu vitatu, ndiyo na hapana saba." Omba neno afasia liandikwe kwenye faili na kwenye karatasi ya ruhusa, na lugha iliyopimwa itajwe. Neno hilo lisipoandikwa, kliniki ijayo ataulizwa maswali kwa haraka na kuonekana mkaidi. Uliza pia kuhusu mtaalamu wa tiba ya usemi. Ni wachache, basi muulize pia mtaalamu wa mazoezi ya viungo kama anamfahamu wa karibu. Ukimpata hata mara moja kwa mwezi, atakupa mpango, wewe uufanye nyumbani.

Usishangae lugha mbili zikirudi kwa mwendo tofauti. Mara nyingi hurudi pamoja. Wakati mwingine inatangulia ya utotoni, wakati mwingine ile iliyotumika zaidi kabla ya kuugua. Mwaka 1895 Mfaransa Pitres alishaandika juu ya hiyo ya pili. Hakuna kanuni inayoshika kila mtu, ndiyo sababu ya kupima zote.

Mazoezi ya nyumbani

Siku tano kwa wiki, mara mbili kwa siku, dakika ishirini hadi ishirini na tano. Ndani ya miezi mitatu unapata takriban saa arobaini hadi hamsini. Hiyo ni dozi ya maana, na miezi ya kwanza ndiyo yenye faida kubwa, ingawa mtu huendelea kupata nafuu hata baada ya mwaka. Fanyeni asubuhi, akiwa ameshakunywa chai na dawa. Tumieni lugha ya nyumba atakayoishi, na msipige marufuku nyingine. Kumwambia bibi "sema Kiswahili" anapopata neno kwa Kichagga ni kumfungia mlango pekee ulio wazi.

Chagueni maneno ishirini anayoyahitaji: majina ya watu wa nyumbani, maji, choo, chai, dawa, maumivu, blanketi, simu, kanisa au msikiti, sokoni. Neno likikwama, panda ngazi taratibu. Kwanza matumizi yake: "tunafungulia mlango". Kisha sentensi ya kumalizia: "Chai bila..." Kisha silabi ya mwanzo. Hapa wengi hukosea kwa kufuata mazoea ya Kiingereza, ambako sauti moja inatosha. Kwetu "ki..." haisaidii kitu, kwa sababu kijiko, kikombe, kitana, kiberiti na kitanda vyote vinaanza hivyo. "M..." ni mbaya zaidi. Toa kiambishi pamoja na silabi ya shina: "kibe...", "mla...". Likishindikana, sema neno zima mara moja, arudie, kisha lirudieni baada ya dakika moja na baada ya tano.

Usianze na upatanisho wa ngeli. Msiba wa mtu anayetaka maji si "maji yangu" au "maji wangu". Jenga "nataka" na "nipe" kwanza, kisha jina juu yake: nataka maji, nipe simu. Kitenzi cha Kiswahili kimebeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo mgonjwa akisema "kula... mimi... jana" ameshasema mengi. Jibu, "Eh, ulikula jana," uendelee na mazungumzo. Atasikia umbo sahihi bila kusahihishwa.

Nyimbo zitumieni. Anayeshindwa kuomba chai anaweza kuimba wimbo wa kanisani kwa Kichagga mstari mzima. Hiyo peke yake si kuongea, lakini ukichukua "na-ta-ka chai" ukaiimba kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, huku ukigonga mkono wake wa kushoto kwa kila silabi, baadhi yao huipata. Punguza wimbo kidogokidogo, kisha mkono.

Tengenezeni ubao wa picha kwa kipande cha boksi: choo, maji, maumivu pamoja na mchoro wa mwili, baridi, dawa, lala. Kwenye simu yake wekeni picha halisi, sura ya kila mtoto, duka la jirani, ng'ombe wake. Picha ya soko la Kiborloni analolijua inazungumza kuliko mchoro wa soko.

Yanayoharibu ni mengi, machache ndiyo makubwa. Kupaza sauti, ilhali masikio mazima. Kumjibia. Kumsemesha kama mtoto mbele ya wajukuu wake. Na kumgeuza mtihani kutwa nzima, "Babu, huyu nani? Na huyu?", kila mgeni akirudia. Maswali ya kupima yabaki kwenye zile dakika ishirini. Nje ya hapo zungumza naye kama mzee wako.

La mwisho hapa ni zito: hati. Mtu ambaye maswali yake ya ndiyo na hapana hayajafika tisa kati ya kumi kwa lugha yake asiwekewe karatasi ya kihamba, yaani shamba la ukoo, wala ya mauzo ya ng'ombe aweke dole gumba. Na mtu aliyefika tisa asinyimwe sauti kwenye kikao cha ukoo kwa sababu tu anasema polepole. Msomeeni kwa lugha yake, kifungu kwa kifungu, muulize kila kimoja kwa namna mbili, moja ya kujibiwa ndiyo na nyingine hapana, mbele ya shahidi asiye na fungu.

Rudieni kipimo cha vitu kumi baada ya wiki mbili, mwezi, miezi mitatu na miezi sita, kwa vitu vilevile na lugha zote. Alama zikishuka ghafla siku yoyote, hicho ni kiharusi kipya mpaka hospitali iseme vinginevyo, na saa inaanza kuhesabiwa upya. Karatasi zote ziwekwe kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya kliniki ya presha, na dawa za presha zisikatwe kwa sababu anaonekana amepona.